Mtoto alale saa ngapi? Anza na saa ya basi la shule, hesabu kurudi nyuma

Kabla hujaanza kugombana na mtoto habari ya kulala chukua karatasi andika saa anayoamka, sio saa unayotaka alale, saa anayoamka kweli. Kwa wengi wetu hapa Dodoma wenye watoto wa mabasi ya shule hiyo ni saa 11 alfajiri au kasoro kidogo, maana gari linaanzia huko Ihumwa au Nzuguni, linazunguka Ilazo, linaingia Kisasa, ndo lielekee shule. Sasa toka hapo hesabu kurudi nyuma. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anatakiwa alale masaa 9 mpaka 12, kijana wa 13 mpaka 18 masaa 8 mpaka 10, hivyo ndivyo madaktari wa usingizi wanavyoshauri. Kwahiyo dogo wa darasa la tatu anayeamka saa 11, ili apate hayo 9 tu, yaani kile kiwango cha chini kabisa, inatakiwa saa 2 usiku awe KESHALALA. Sio ndo anatafuta mswaki, keshalala. Na saa 2 usiku ndo taarifa ya habari inaanza, na nyumba nyingi maji ya ugali ndo kwanza yamebandikwa.

Hapo ndo ilipo ishu yenyewe kwa mtazamo wangu. Tunahangaika na mtoto wakati kinachomkosesha usingizi ni jioni ya nyumba nzima, tunakula saa ngapi, tunaangalia nini, nani anaosha vyombo, baba anarudi saa ngapi. Huwezi kumwambia mtoto "nenda kalale" halafu sebuleni watu wazima mnacheka na tamthilia ya Kituruki sauti iko juu, yeye yuko upande wa pili wa pazia anasikia kila kitu, atalalaje? Mimi nikiambiwa mtoto fulani hapendi kulala nauliza kwanza chakula cha jioni kinaiva saa ngapi.

Kwa wadogo chini ya miaka 6 nisichukue muda, miaka 3 mpaka 5 masaa 10 mpaka 13, mwaka 1 mpaka 2 ni 11 mpaka 14, wa miezi 4 mpaka 12 ni 12 mpaka 16, na hapo unahesabu pamoja na usingizi wa mchana. Ndo maana mtoto wa chekechea akirudi mchana akasinzia muache, ila muamshe saa 9 au 10 isizidi, akilala mpaka saa 12 jioni usiku mtaangaliana.

Haya tuanze na jikoni. Lengo ni watoto wawe wamekula saa 12 na nusu, ikichelewa sana saa 1 jioni. Najua mtasema haiwezekani, mtu anatoka kazini Mtumba, foleni, anapitia sokoni Majengo kuchukua nyanya, anafika nyumbani saa 1 giza limeshaingia. Ila angalia, kinachochelewesha chakula mara nyingi sio ugali, ugali ni dakika chache, ni mboga. Maharage yachemshwe Jumapili sufuria zima, yagawanywe kwenye vikopo yaingie kwenye friji, asie na friji achemshe asubuhi wakati mnajiandaa, jioni ni kuunga tu. Mlenda nao hauna mambo mengi, ndo mboga ya fasta kuliko zote na watoto wa huku wameuzoea. Kama una dada wa kazi basi mpangie aanze kupika saa 11 jioni asisubiri simu yako. Na watoto wale kwanza, hii ya kumsubiri baba ndo tule wote ni nzuri wikiendi, siku za shule inawaumiza watoto, baba atakula chake kiko kwenye hotpoti hakuna ubaya. Mtoto akila saa 3 akalala saa 3 na robo tumbo limejaa anajigeuzageuza, anaota mandoto, anaamka kuomba maji.

Halafu chai. Huku kwetu mtoto kunywa chai ya rangi usiku na mkate tunaona kawaida kabisa kwasababu "sio kahawa". Majani ya chai yana kafeini, na kafeini inakaa mwilini muda mrefu, kwa mtu mzima inachukua kama masaa matano kupungua nusu tu, na mtoto ni mdogo kiumbo kwahiyo kikombe kilekile kwake ni kikubwa. Soda nyeusi hivyohivyo. Kuanzia mchana mpe maji, uji, maziwa, juisi ya ubuyu ukipenda. Na hizi enaji za chupa ndogo bei ya chini ambazo vijana wa sekondari wananunua dukani wakitoka tuisheni ili "wapige msuli", hizo kwa mtoto hapana, wala usiseme chupa moja haina shida.

Sasa ratiba ya jioni, hapa usiige ya mtu, ila mpangilio uwe uleule kila siku maana mwili unajifunza kwa kurudiarudia. Karudi shule, ale kidogo, acheze kidogo nje jua likiwepo, afanye kazi za shule MAPEMA kabla ya TV, sio baada ya TV. Saa 12 kuoga, chakula, kuandaa begi na kunyoosha yunifomu ya kesho, mswaki, chooni, kitandani. Maji ya kuoga yakiwa ya uvuguvugu lisaa limoja au mawili kabla ya kulala yanasaidia kweli, ukitoka bafuni mwili unapoa na ule upoaji ndo unaleta usingizi, mwili wa binadamu lazima joto lishuke kidogo ndo ulale vizuri. Kitandani mwanga wa taa uzimwe, kama anaogopa giza acha kataa kadogo kabisa kakiwa mbali na macho, au acha mlango wazi kidogo. Hadithi mbili tatu za sungura na fisi zinatosha. Mtoto akiinuka kila baada ya dakika tano anataka maji, anataka chooni, anataka kukuuliza kesho ni siku gani, mrudishe bila maneno mengi na bila kugombeza, ukianza kumfokea anaamka kabisa na umempa alichokuwa anakitafuta yaani kuongea na wewe.

Na akina baba mkirudi saa 3 msianze kumrusharusha mtoto juu alishaanza kusinzia, jamani! Najua umem-miss. Chukua dakika zako asubuhi, mpeleke wewe kituoni kwenye basi.

Kuna kitu hatukisemagi. Watoto wa kike kwenye nyumba zetu wanalala kidogo kuliko kaka zao na sio kwamba wanapenda. Angalia nyumbani kwako leo usiku, kaka yake kidato cha pili yuko kwenye kochi, yeye kidato cha kwanza anatoa vyombo, anaosha, anadeki jiko, anaweka maji ya kuoga ya asubuhi, akimaliza saa 4 ndo anafungua daftari, na asubuhi ndo anatangulia kuamka kuwasha mkaa. Halafu tunaitwa shule tunaambiwa binti anasinzia darasani. Gawa kazi, wa kiume aoshe vyombo hatavunjika, vyombo vya usiku vingine vinaweza kulowekwa vikasubiri asubuhi au Jumamosi, na binti saa 3 awe kitandani kama wenzake.

Chumba. Hapa Dodoma tuna mambo mawili yanayogombana. Mwezi wa 10 na wa 11 kabla mvua haijaanza joto la mchana linapita nyuzi 30 na bati linashika joto hilo mpaka usiku, chumba kinakuwa oveni. Kikiwa hivyo fungua madirisha mapema jua likianza kuzama upepo upite, lakini uwe na wavu wa mbu, mtoto alale na nguo nyepesi ya pamba au kaptula tu, shuka moja, pangaboi kama ipo na umeme ukiwepo, umeme ukikatika mfute na kitambaa kibichi. Kama nyumba ni yako na bado unajenga, weka dari hata kama ni ya bei nafuu kabla hujaweka tailizi, wanaolala chini ya bati tupu wanajua ninachosema. Halafu mwezi wa 6 na wa 7 ni kinyume, baridi na ule upepo wetu, usiku unashuka mpaka kwenye nyuzi 13, 14 hivi, mtoto anajikunyata usiku kucha analala lakini halali. Blanketi zito, soksi, ziba nyufa za dirisha na gazeti. Jiko la mkaa chumbani kupasha joto USITHUBUTU, gesi yake ya sumu inaua watu wakiwa wamelala na huisikii harufu.

Neti ni lazima, kwa malaria na pia kwa usingizi wenyewe, mbu mmoja sikioni anatosha kuharibu usiku. Ila neti iwe imechomekwa vizuri chini ya godoro, na kama watoto wanalala watatu kitanda kimoja angalia yule wa ukutani asilale amebanana na neti.

Wenye chumba kimoja au chumba na sebule, nawajua wengi Chang'ombe, Nkuhungu, hata Makole, ushauri wa "mpe mtoto chumba chake tulivu" hauwahusu. Fanyeni hivi, kona moja iwe ya kulala, pazia zito sio lile la kuona kivuli, godoro lisielekee TV, na kuanzia saa 1 na nusu mpaka watoto wasinzie TV inazimwa au inaangaliwa na hedifoni. Nusu saa hiyo haitakuua. Kelele za nje, baa, mbwa, muziki wa vigodoro vya Jumamosi, hizo hatuna mamlaka nazo sana, pangaboi au feni ya mezani inasaidia kufunika sauti. Baa ya jirani ikizidi ongeeni na mwenyekiti wa mtaa mkiwa wengi, mkienda mmoja mmoja mnaambiwa mna wivu.

Sasa twende kwa hawa wakubwa, kidato cha kwanza na kuendelea, maana hawa ndo tunawaonea. Kijana akifika balehe saa ya mwili wake inasogea mbele. Kuna homoni inaitwa melatonini ambayo ubongo unaitoa giza likiingia ili kuleta usingizi, kwa kijana inachelewa kutoka, inaweza kuchelewa hata masaa mawili ukilinganisha na alivyokuwa mdogo. Kwahiyo akikwambia "mama sina usingizi" saa 3 usiku, mara nyingi hasemi uongo. Na asubuhi saa 11 unapomwamsha kwa kumvuta mguu ubongo wake bado uko usiku wa manane. Sio uvivu wala sio kiburi, ni umri, na utapita akifika miaka ya ishirini na kitu. Marekani wameliona hili mpaka jimbo la California lilipitisha sheria 2019, ikaanza kutumika 2022, kwamba sekondari za juu zisianze vipindi kabla ya saa 2 na nusu asubuhi. Sisi huku bado tunakimbizana na kuwahi namba za asubuhi shuleni.

Na Dodoma ina lake, mwezi wa 6 na wa 7 jua linachomoza huku karibu saa 12 na dakika 45, tuko magharibi ya Dar kwahiyo wao wanaliona kabla yetu. Mtoto aliyepanda basi saa 11 na nusu anakaa lisaa lizima na zaidi kabla jua halijachomoza. Mwanga wa asubuhi ndo unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, kwahiyo kijana akifika shule akae nje kwenye jua kabla ya vipindi, na wikiendi akiamka afungue pazia atoke nje, afagie uwanja, anywe uji barazani. Inaonekana kitu kidogo lakini ndo dawa ya bure kuliko zote ya kumfanya asikie usingizi mapema usiku.

Upande wa usiku ni simu. Mnajua bando za usiku? Zile za bei ya kutupa zinazoanza saa 6 usiku mpaka alfajiri. Kijana anaweka alamu aamke saa 6 adownload na aangalie TikTok mpaka saa 9, wewe unakoroma unajua mtoto kalala tangu saa 3. Usitegemee ahadi, tegemea utaratibu. Simu zote za nyumba zinalala sebuleni kwenye chaji kuanzia saa 2 na nusu, na nikisema zote na yako imo, ukimnyang'anya yake ukaingia na yako chumbani umeshashindwa. Atakwambia anahitaji alamu, mnunulie saa ya mezani ya kengele, pale sokoni Sabasaba zipo na sio ghali. Atakwambia wanafunzi wenzie wanatuma maswali kwenye grupu la darasa, mwambie ayachukue kabla ya saa 2. Mechi za Ulaya zinazoanza saa 4, saa 5 usiku, hapo mzazi amua mwenyewe, mimi nasema siku za shule matokeo atayaona asubuhi, ikiwa ni fainali mpe ruhusa, usiwe polisi wa kila kitu.

Akirudi shule amechoka hoi mruhusu alale dakika 20 mpaka 30, kabla ya saa 10 jioni, weka kengele. Zaidi ya hapo anaingia usingizi mzito anaamka na kichwa kizito na usiku hataki kulala. Jumamosi na Jumapili aruhusiwe kuongeza lisaa limoja mpaka mawili, lakini akilala mpaka saa 6 mchana Jumapili usiku hatasinzia mpaka saa 7 na Jumatatu mnaanza vita upya.

Mitihani sasa, kidato cha pili, cha nne, darasa la saba. Kuna imani kwamba anayekesha ndo anafaulu. Ubongo unapanga na kuhifadhi ulichosoma wakati umelala, ukikesha unakuwa umeingiza vitu bila kuviweka mahali, kwahiyo kijana aliyesoma mpaka saa 3 na nusu akalala masaa 8 anaingia kwenye chumba cha mtihani na vitu vingi zaidi kichwani kuliko aliyekesha na miguu kwenye beseni la maji baridi. Kama lazima asome zaidi, asome mchana wikiendi, apunguze tuisheni moja, hasa ile ya saa 1 usiku mpaka saa 3, ambayo nyingi mwalimu mwenyewe anapiga miayo.

Halafu lile basi. Wazazi wengi tunalipokea kama mvua, hatuulizi. Uliza. Mtoto anayechukuliwa wa kwanza asubuhi arudishwe wa kwanza jioni, hilo ni la haki na shule nyingi zitakubali mkiongea kwenye kikao cha wazazi. Omba wabadilishe mzunguko kila muhula ili asiwe mtoto mmoja mwaka mzima anaanza saa 11. Wazazi watatu wanne wa mtaa mmoja wakichangia bajaji ya mtu mnayemwamini inayoenda moja kwa moja, watoto wanaweza kupata nusu saa au zaidi ya usingizi, pigeni hesabu mlinganishe na nauli ya basi. Na nyumbani okoa dakika, yunifomu, viatu, soksi, begi, chupa ya maji vyote usiku, asubuhi ni kunawa, kuvaa, uji, kutoka. Dakika 20 kila siku ni zaidi ya lisaa na nusu kwa wiki ya shule.

Vya kupeleka hospitali ni hivi: mtoto anayekoroma kila siku kama mtu mzima, hasa akiwa anakata pumzi halafu anashtuka, hiyo inaweza kuwa nyama za puani au mafindofindo yameziba njia ya hewa, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Anayejikuna sana sehemu ya haja kubwa usiku, minyoo, akapimwe. Anayekohoa usiku tu, inaweza kuwa pumu. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ghafla kaanza tena, usimchape, mpeleke. Na kijana anayelala mno, hataki kula, kajitenga na marafiki, hacheki tena, hiyo inaweza kuwa sonona, hapa Dodoma tuna Mirembe na watu wanaitania hovyo ila ni hospitali ya afya ya akili na ndo kazi yao, wala sio lazima uanzie huko, kituo cha afya chochote wanaweza kukuelekeza.

Usimpe mtoto piriton wala dawa ya kikohozi ili alale. Naona dada wa kazi wengi wanafundishana hilo, na wazazi wengine pia. Ni hatari kwa wadogo na usingizi wenyewe sio usingizi mzuri.

Mwisho likizo, hasa ile ya mwezi wa 12 ambapo ratiba yote inakufa. Watoto walioenda kwa bibi Kondoa au Mpwapwa wanarudi wakiwa vizuri tu maana kule giza likiingia na chakula kimeliwa kila mtu kitandani, tatizo ni waliobaki mjini. Kama alikuwa analala saa 5 na unataka arudi saa 3, usimwambie Jumapili usiku leo unalala saa 3, atakodoa macho kwenye dari. Sogeza robo saa kila siku, kulala na kuamka vyote viwili, hiyo ni siku 8, kwahiyo anza siku 8 kabla shule hazijafunguliwa, na chakula cha jioni kisogee nacho robo saa hivyohivyo.